Kaka kauawa, mama anasema fidia ni hela ya damu. Tudai au tuache?

Swali nililoletewa ni hili, nimelifupisha kidogo: "Kaka yangu alichomwa kisu miezi saba iliyopita na vijana waliotaka kumnyang'anya simu, akafia njiani kabla ya kufika hospitali. Alikuwa na miaka 34, kaacha mke na watoto wawili, na mama yetu alikuwa anamtegemea yeye. Kijana mmoja kakamatwa, wenzake bado, na kesi kila siku inaahirishwa. Nimeambiwa familia inaweza kudai fidia ila mama hataki kusikia, anasema hawezi kula hela ya damu ya mwanae. Juzi mjomba wa mtuhumiwa kaja nyumbani na bahasha, anasema tuyamalize kiutu uzima. Tufanyeje? Na je, lazima tusubiri kesi iishe?"

Pole sana dada yangu. Pole na kwa mama, na kwa wifi yako na watoto.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndo linaloumiza familia nyingi kuliko yote. Msisubiri kesi iishe. Nchi karibu zote zenye mfuko wa fidia kwa waathirika wa uhalifu zimeweka muda wa kuomba, na muda huo mara nyingi unahesabiwa kuanzia siku ya tukio au siku ya kifo, sio siku ya hukumu. Uingereza ni miaka miwili. Ufaransa ni mitatu, na wao wana huruma kidogo maana kesi ya jinai ikichelewa wanakuongezea mwaka mmoja baada ya uamuzi wa mwisho. Sasa kesi ya mauaji miaka miwili ni nini? Upelelezi tu unaweza kuimaliza yote, bado rufaa.

Kuna mzee mmoja alikuja kwangu na faili la rangi ya bluu limefungwa na mpira, ndani kaweka nakala ya hukumu kwenye karatasi ya nailoni isije ikakunjika. Alikuwa ameingoja hiyo hukumu kwa sababu aliona sio adabu kuongelea pesa wakati mahakama bado inamuongelea binti yake. Alikuwa amechelewa miezi mitano. Tukaandika barua ya kuomba muda uongezwe, tukaeleza sababu, ikarudi imekataliwa kwa mistari minne. Akaikunja ile barua, akairudisha kwenye faili, akafunga mpira wake, akaniuliza kama nimekula. Simsahau yule mzee, na ndo maana kila familia nikikutana nayo hili ndo neno langu la kwanza.

Na sio lazima muuaji awe amepatikana na hatia, wala sio lazima awe amekamatwa. Hili watu hawaliamini mpaka uwaonyeshe. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1985 kuhusu haki kwa waathirika wa uhalifu limesema wazi mtu anahesabika mwathirika hata kama mhalifu hajajulikana, hajakamatwa, hajashtakiwa, na neno mwathirika linabeba pia ndugu wa karibu na wategemezi wa marehemu. Mkataba wa Ulaya wa 1983 wa fidia kwa waathirika wa uhalifu wa kutumia nguvu nao uko hivyo hivyo, fidia inatolewa hata kama mhalifu hawezi kushtakiwa. Sababu ni rahisi: mfuko hauulizi nani kaua na nani alipe, unauliza tu je, kweli mtu huyu kauawa kwa uhalifu, na je nyie mmebaki na pengo gani. Tena kipimo chao cha ushahidi ni kile cha kesi za madai, yaani kipi kinaelekea zaidi kuwa kweli, sio kile cha jinai cha kuondoa mashaka yote ya msingi. Tofauti ya vipimo hivi viwili dunia nzima iliiona kwenye kesi ya O.J. Simpson, nyota wa zamani wa mpira kule Marekani, mwaka 1995 baraza la wananchi wanaoamua kesi lilimwachia huru kwenye mauaji ya mke wake wa zamani na rafiki wa huyo mke, halafu mwaka 1997 kwenye kesi ya madai iliyofunguliwa na familia za marehemu akaambiwa alipe dola milioni 33.5. Vifo ni vilevile, vipimo ndo viwili.

Ila kesi hiyohiyo ina somo lingine chungu, familia zile zilishinda na bado zilipata sehemu ndogo tu ya hizo hela, kukimbizana nazo ilikuwa miaka na miaka. Kushinda kesi na kulipwa ni vitu viwili. Na huyo alikuwa tajiri maarufu, sasa kijana anayechoma mtu kisu kwa ajili ya simu mtamkamua nini? Kwahiyo nikuambie njia zilizopo ni tatu na zina uzito tofauti. Ya kwanza mahakama ya jinai yenyewe, ikimtia hatiani inaweza kumwamuru alipe fidia juu ya kifungo, hapa kazi yenu ni kumwambia mwendesha mashtaka mapema kwamba familia inaomba amri hiyo na kumpa hesabu zenu, maana adhabu ikishatangazwa bila hilo kurudi nyuma ni shida. Ya pili kesi ya madai, ambayo ina maana kama kuna mtu mwenye mali ya kulipa, na hapo usimfikirie muuaji peke yake, mfikirie na mwenye jengo aliyeacha geti wazi na taa zimezima wakati anajua watu wanaporwa hapo, au kampuni ya ulinzi iliyolipwa na haikuwepo. Ya tatu ni mfuko wa serikali, na kwa kesi kama ya kaka yako hii ndo ya kwanza kuulizia.

Sasa mama. Nataka nikae hapa kidogo maana hela ya damu ni neno zito na mama hajalitoa hewani.

Zipo hela za namna mbili zinazokuja kwenye msiba wa namna hii na mama kazifunga kwenye fundo moja. Kuna hela inayoomba kitu na kuna hela isiyoomba kitu. Ile bahasha ya mjomba inaomba kitu. Inaomba mnyamaze, inaomba shahidi asionekane siku ya kesi, inaomba wifi yako akiulizwa aseme hakumbuki. Mama akiikataa hiyo yuko sahihi kabisa, na moyo wake umeona kitu ambacho sheria nayo inakiona, maana mauaji ni kesi ya jamhuri, familia haina uwezo wa kuifuta hata ikitaka, na nchi nyingi kupokea hela ili uufiche uhalifu ni kosa la jinai kwa mpokeaji. Mnaweza kujikuta nyie ndo mnahojiwa. Kwa hiyo bahasha msiifungue, msiihesabu hata kwa kutaka kujua ni kiasi gani. Kama ameiacha mezani iacheni hivyo ilivyo mumpelekee mpelelezi wa kesi, muandike siku, saa, nani alikuwepo sebuleni na alisema nini kwa maneno yake. Tafadhali usilionee haya hili, hata kama huyo mjomba ni mtu mzima na alikuja kwa upole, na hata kama anaumia kwa nafsi yake kwa alichofanya mtoto wao, aliyofanya hayaruhusiwi kufanyika sebuleni kwenu.

Najua kuna watakaosema mbona kuna dia, yaani malipo kwa warithi wa aliyeuawa. Kweli ipo, kwenye Uislamu dia ni jambo la heshima na lina masharti yake, kiasi kilichotajwa tangu zamani ni ngamia 100, na nchi ambazo sheria zake zinaitambua inapitia mbele ya kadhi au mahakama, warithi wote wanajulikana, inaandikwa, na wenye haki ndo wanaoamua bila kusukumwa. Ukiiweka hiyo kando ya bahasha iliyopitishwa mlangoni usiku utaona havifanani hata kidogo.

Hela ya mfuko ni nyingine kabisa. Haiombi mnyamaze, haiombi msamehe, haipunguzi kifungo cha mtu hata siku moja. Tena ukimtazama anayelipa utaelewa. Sheria za mfalme Hammurabi kule Babeli, karibu miaka 3,750 iliyopita, zilisema mnyang'anyi asipokamatwa na mtu akafa, basi mji na gavana wake wawalipe ndugu wa marehemu mina moja ya fedha, hiyo ni kama nusu kilo ya madini ya fedha. Mji! Sio muuaji. Maana yake walijua kwamba barabara ni ya mji, ulinzi ni wa mji, mtu akiuawa barabarani mji una deni. Halafu wazo hilo likalala karne nyingi sana, serikali zikachukua kesi zote za jinai mikononi mwao, zikamwambia mwananchi usilipize kisasi, tuachie sisi, faini tutatoza sisi na hela itaingia kwetu, na mjane akabaki anaangalia tu. Katikati ya karne iliyopita mwanamama wa Uingereza, Margery Fry, aliyekuwa amepigania miaka mingi marekebisho ya magereza, akaanza kuuliza mbona tunamhudumia mfungwa na aliyeumizwa hatumuulizi hata hali. New Zealand wakapitisha sheria ya kwanza ya fidia mwaka 1963, Uingereza wakafuata 1964, jimbo la California 1965. Japani walisukumwa na bomu lililolipuliwa mbele ya ofisi za Mitsubishi mjini Tokyo mwaka 1974, wakagundua waliokufa kazini wana cha kulipwa na mpita njia hana chochote, sheria yao ikaanza kazi 1981. Marekani tangu 1984 wana mfuko wa taifa ambao unajazwa na faini za wahalifu wenyewe waliotiwa hatiani kwenye mahakama za shirikisho. Ufaransa wanachukua kiasi kidogo kwenye kila bima ya mali ambayo mtu anakata, yaani majirani wote wanachangia bila kujuana, kama rambirambi.

Mwambie mama hivyo, ni rambirambi ya nchi, na imechelewa kidogo tu kufika msibani. Na kama bado hataki, muache. Haki yake na haki ya wajukuu wake ni mafaili tofauti, yeye anaweza kutoomba sehemu yake na watoto wakaomba ya kwao, ila asiwazuie watoto. Hapo ningekuwa mimi ningesimama.

Haya, wanalipa nini. Mazishi karibu kila mahali, kwa kiwango cha juu kilichowekwa, na hili lina habari yako wewe. Pili, hasara ya matunzo, yaani kile ambacho marehemu alikuwa analeta nyumbani na sasa hakiji. Tatu, sehemu nyingi wanalipia ushauri nasaha kwa familia, na naomba msiidharau hii, mtoto wa miaka sita anayelala na viatu ili akimbie wezi wakija anahitaji mtu anayeijua kazi hiyo. Nne, baadhi ya nchi, sio zote, zinalipa kwa ajili ya uchungu wenyewe. Uingereza kwenye utaratibu wao wa mwaka 2012 ni pauni 11,000 kama anayestahili ni mmoja, wakiwa zaidi ya mmoja kila mtu 5,500. Wengi wakisikia wanakasirika, elfu kumi na moja ndo thamani ya mtoto wangu? Sio thamani yake, hakuna aliyewahi kusema hivyo, ni alama tu, na nawaelewa kabisa wanaokasirika.

Kwa kweli hakuna aliyewahi kulipatia swali hilo la thamani. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 Marekani ilimpa wakili Kenneth Feinberg kazi ya kugawa fidia, asilimia 97 ya familia za waliokufa ziliingia, ikalipwa zaidi ya dola bilioni 7, na sheria ilimtaka apime kipato, kwahiyo familia ya mfanyakazi wa benki ikapata mamilioni na ya muosha vyombo ikapata kidogo. Ilimsumbua sana, akasema baadaye kwamba ingekuwa mkononi mwake kila roho ingepewa sawa, na alipopewa mfuko wa michango baada ya mauaji ya wanafunzi na walimu 32 pale chuo cha Virginia Tech mwaka 2007 alitoa sawa kwa kila aliyekufa.

Kwenye hasara ya matunzo hesabu yake haina uchawi. Chukua mishahara 12 ya mwaka, toa kile alichokuwa anatumia mwenyewe, mahakama nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza kwa mtu mwenye mke na watoto hukata robo au theluthi. Tuseme robo, inabaki mishahara 9. Zidisha na miaka wanayoona inafaa, ambayo siku zote ni michache kuliko miaka aliyobakiza kustaafu kwa sababu hela inalipwa leo kwa mkupuo, tuseme 10, unapata mishahara 90. Mifuko ya serikali ina viwango vyake na ukomo wake, mara nyingi chini zaidi ya hapo, lakini ukiielewa hesabu hii hakuna atakayekuzungusha. Na kama marehemu angekuwa mama wa nyumbani kazi zake nazo zina bei, kulea, kupika, kufua, mtu wa kuzifanya sasa atalipwa.

Wewe dada, nikuambie ukweli japo utakuuma. Kwenye mifuko mingi ndugu wa kuzaliwa pamoja hayupo kwenye orodha. Wapo mke au mwenza, watoto, wazazi. Najua ulimbeba mgongoni akiwa mdogo, sheria haina kisanduku cha hilo. Ila kama wewe ndo uliyelipia jeneza, gari, kaburi, sehemu nyingi aliyetoa hela za mazishi anarudishiwa yeye, sio lazima awe mjane. Tafuta risiti zako.

Na hapo ndo penye kazi haswa, karatasi. Cheti cha kifo, ripoti ya uchunguzi wa maiti, namba ya taarifa ya polisi, cheti cha ndoa au uthibitisho kwamba walikuwa wanaishi pamoja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Utegemezi ndo mgumu, maana nani anampa mama yake risiti? Kuna mama alinijia akasema mwanae alikuwa anamtunza kila mwezi ila hana ushahidi wowote, nikamuomba simu yake, ka simu kadogo ka batani kamefungwa kwa lastiki, tukakaa tunashuka na meseji za kupokea hela moja baada ya nyingine, tarehe 2, tarehe 1, tarehe 3, mwezi kwa mwezi miaka minne, mahali pamoja kuna kiasi kidogo katikati ya mwezi na yeye akasema hii alinitumia nilivyomwambia miwani imevunjika. Tukaziandika zote kwenye daftari, tukaomba kampuni ya simu taarifa rasmi ya miamala. Ile ndo ilikuwa kesi yake. Kwahiyo simu ya mama na simu ya marehemu msizifute wala kuziuza, na laini yake msiiache ikafungwa kabla hamjachukua taarifa.

Kitakachowaangusha, kama kitawaangusha, ni mambo ya marehemu na mambo yenu. Mifuko mingi inapunguza au kunyima kama marehemu alichangia, alianzisha ugomvi, au ana rekodi ya uhalifu, na Uingereza wanaangalia rekodi hata ya aliyekufa. Sikubaliani nalo hasa pale anayeomba ni mtoto, mtoto hakuiba chochote, ila ndo sheria ilivyo. Kama kuna kitu cha nyuma kuhusu kaka yako kiseme mwenyewe kwenye fomu na ueleze, kikifukuliwa na wao kinaharibu hata yale ya kweli. La pili ni ushirikiano na polisi. Mkionekana mmekwepa kutoa maelezo wanakata. Unaona sasa ile bahasha ingewagharimu mara ngapi.

Jueni pia mfuko ni wa mwisho kulipa, sio wa kwanza. Kama alikuwa kazini au safari ya kazi ulizieni fidia ya wafanyakazi, ulizieni mafao ya kifo kwenye hifadhi ya jamii, bima ya maisha, bima iliyoko ndani ya mkopo wa benki. Mara nyingi humo mna hela nzuri kuliko ya mfuko na hakuna anayewaambia. Mkilipwa huko mfuko utatoa kwenye hesabu, na siku mahakama ikimlipisha muuaji mtarudisha kiasi cha kile kilichojirudia, hilo ni sawa, msiogope kuliandika.

Na kama nchi yenu haina mfuko, au upo kwenye karatasi tu, njia ya mwendesha mashtaka inakuwa ndo mlango wenu mkuu. Ulizieni vizuri kabla ya kukata tamaa maana sheria zimebadilika, India waliweka utaratibu wa fidia ya serikali mwaka 2008, Kenya wana sheria ya kulinda waathirika tangu 2014 na ndani yake imeanzisha mfuko. Na sehemu nyingi familia ina nafasi ya kueleza mbele ya hakimu kabla ya adhabu nini kimewapata, iandikeni mapema, aisome wifi yako kama ataweza.

Mtu akija kusema atawafuatilia halafu mkilipwa achukue theluthi, mkatae. Fomu za mifuko hii nyingi ni bure na zimetengenezwa mtu ajaze mwenyewe, na pale inapokuwa ngumu nenda kwenye msaada wa kisheria wa bure. Hela ya watoto ikija isipite kwenye mkono wa yeyote, wala wako, wala wa mama, wala wa baba mdogo anayejua biashara, ifunguliwe akaunti yao au ishikwe na mahakama au mdhamini mpaka wafike umri. Na kaeni nyie watu wazima sasa hivi, kabla hakujaingia hata senti, muandike nani anaomba nini kwa jina lake, wewe mazishi, wifi na watoto matunzo, mama sehemu yake akikubali, kila mtu asaini. Nimeona wifi na mama mkwe waliolia kwenye mkeka mmoja wakaja kushindana mbele ya karani.

Miezi saba imeenda. Kesho asubuhi mpigie mpelelezi, umwambie ya mjomba kwanza, halafu muulize namba ya jalada na ofisi ya waathirika kama ipo, uombe nakala ya taarifa ya polisi. Fomu ikipatikana ijaze na unachokijua, usisubiri kila karatasi ikamilike, mifuko mingi inakubali nyaraka ziongezwe baadaye lakini haikubali tarehe iliyopita. Na leo jioni chukua simu ya mama, mkae naye, muanze kuhesabu zile meseji.